Namba 10 ni nani? Jinsi programu ya picha inavyoijua lenzi yako, na kwa nini hukosea

Kijana mmoja wa Makorora, mpiga picha za harusi, alinijia wiki chache zilizopita uso umemshuka. Alikuwa ametoka Kariakoo kununua lenzi ya mtumba, macro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 105, ya kampuni tofauti na iliyotengeneza kamera yake ya Canon. Siku ya kwanza kuitumia alipiga hina kwenye viganja vya bibi harusi, pete juu ya sahani ya halua, na kope zilizofumbwa. Picha safi kabisa. Usiku alipozifungua kwenye kompyuta azihariri, programu ikamwandikia kwamba lenzi iliyotumika ni Canon EF 50mm f/2.5 Macro. Lenzi hiyo hajawahi kuimiliki, hata kuishika hajaishika.

"Kaka, nimepigwa," akaniambia. Alishauliza wenzake kwenye kundi la WhatsApp na hukumu ilikuwa imeshatoka: feki. Mmoja alisema gamba limebadilishwa, ndani mna lenzi nyingine. Mwingine akamhimiza airudishe kabla muuzaji hajatupa laini ya simu.

Nikamwambia tufungue taarifa za picha yenyewe. Jina la lenzi lilisema 50. Mistari michache chini yake, urefu wa fokasi ulisema 105. Sasa, lenzi ya milimita 50 isiyovutika haiwezi kupiga picha kwa milimita 105, kama ambavyo daladala ya Raskazone haiwezi kukushusha Korogwe. Mstari mmoja kati ya hiyo miwili ulikuwa unadanganya, na haukuwa ule wa 105.

Si yeye peke yake. Swali hili nimelisikia mara nyingi hapa Tanga, kwa wapiga picha wa harusi na hata kwa vijana wa mahafali, na kila mara mtu anaanza na dhana ile ile: kwamba programu *imeiona* lenzi na kuitambua, kama fundi saa anavyotambua saa ya Seiko akiigeuza tu mgongo. Haiko hivyo.

Kwanza tuelewane kwa maneno

Urefu wa fokasi, unaoandikwa kwa milimita, ndio unaoamua lenzi inaona kwa upana au inavuta ya mbali. Kwa 18 unameza ukoo mzima wa bwana harusi pamoja na mkeka. Kwa 105 unachukua pete. Namba yenye f/ inaeleza tundu la kupitishia mwanga linaweza kufunguka kiasi gani. Namba hizi mbili ndizo jina la lenzi kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni jina la kampuni na herufi za kujisifu.

Kila faili la picha linabeba karatasi ndogo isiyoonekana: tarehe, saa, kamera gani, tundu lilifunguliwa kiasi gani, mwanga uliingia kwa muda gani. Utaratibu wa kuijaza karatasi hiyo unaitwa Exif, ulioanzia Japani mwaka 1995. Programu inapotaja lenzi yako, inasoma karatasi hii. Picha yenyewe haiitazami.

Halafu kuna profaili, na hapa ndipo penye sababu ya yote haya. Hakuna lenzi isiyo na kasoro. Nyingine hupinda mistari iliyonyooka, nyingine hutia giza kwenye pembe za picha, nyingine huacha uzi wa rangi, mwekundu au wa kijani, pembeni mwa vitu vyeusi vilivyo mbele ya anga jeupe. Piga mnazi saa sita mchana kisha ukuze ncha za makuti zilizo pembeni mwa picha, utauona. Profaili ni vipimo vya kasoro hizo kwa aina moja ya lenzi, vilivyochukuliwa mapema ili programu izirekebishe.

Fikiria fundi cherehani wa Ngamiani mwenye daftari la vipimo. Bega, kiuno, urefu, vyote vimeandikwa chini ya jina la mteja. Ukimtumia kitambaa kwa basi anakushonea bila kukuona, ilmradi jina lako limo daftarini. Programu ya kuhariri picha ni fundi huyo. Inataka jina kwa sababu moja tu: ijue ifungue ukurasa gani. Ikifungua ukurasa wa mtu mwingine, gauni litashonwa vizuri sana, na halitakuenea.

Lenzi hujitaja kwa namba

Geuza lenzi ya kisasa utazame nyuma yake, pale inapojifungia kwenye kamera. Utaona vidoti vya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo lenzi na kamera zinapoongea. Canon walipoanzisha mfumo wao wa lenzi uitwao EF mwaka 1987, mazungumzo yote yaliwekwa kwenye umeme: kamera inaamuru tundu lifungwe, lenzi inafunga; kamera inauliza "wewe nani?", lenzi inajibu. Ila haijibu kwa jina. Inajibu kwa namba.

Mtu atauliza kwa nini jina lisiandikwe tu. Jibu ni kwamba Exif haikuwa na nafasi ya pamoja ya jina la lenzi hadi toleo la 2.3, lililotoka mwaka 2010. Hesabu mwenyewe: miaka 15. Katika muda wote huo kila kampuni ilikuwa na kijisanduku chake ndani ya ile karatasi, ikiandika humo inachotaka, kwa lugha yake, bila kumweleza mtu wa nje. Namba ya lenzi ilikaa humo kijisandukuni.

Kilichofuata ni kazi ya watu wenye subira isiyo ya kawaida. Mkanada Phil Harvey alianza mwaka 2003 kutengeneza programu ya bure iitwayo ExifTool, inayofumbua vijisanduku hivyo. Orodha zake zimejengwa kwa watu kutuma picha na kusema "hii nimeipiga kwa lenzi fulani", namba moja baada ya nyingine. Kuna na Exiv2, kazi ya namna hiyo hiyo, ambayo programu za picha za bure darktable na digiKam hutegemea. Kwa hiyo jina unaloliona kwenye skrini si neno la kiwandani. Mara nyingi ni matokeo ya programu kuangalia namba kwenye orodha iliyokusanywa kwa michango.

Na orodha hiyo ina tatizo ambalo si la waliokusanya. Canon hawakuwapa kampuni nyingine lugha ya mfumo wao. Sigma, Tamron na Tokina walipotaka kutengeneza lenzi za kuingia kwenye kamera za Canon, ilibidi wajifunze kwa kusikiliza: hiki kinasema nini, kile kinajibu nini, kisha waige. Kamera ilipouliza "wewe nani?", lenzi ya mgeni ilihitaji namba ya kujibu, na namba zilizokuwapo zilikuwa na wenyewe. Basi wakaazima.

Namba 10 ya Canon ni mfano mzuri. Mwenyewe ni ile EF 50mm f/2.5 Macro. Lakini zimo na lenzi za Sigma zinazojitaja hivyo hivyo: 50mm f/2.8, 28mm f/1.8, 105mm f/2.8 Macro, na 70mm f/2.8 Macro. Lenzi tano, jezi moja.

Chukua Coastal Union na African Sports wanacheza Mkwakwani. Kila timu ina namba 10 wake. Mtangazaji aliyepewa orodha ya Coastal peke yake atakutajia jina la mchezaji wa Coastal kila namba 10 anapogusa mpira, hata kama aliyegusa ni wa Sports, na atalitaja kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hatumwiti mchezaji wa Sports mchezaji feki. Ndicho kilichompata kijana wangu: programu yake mkononi ilikuwa na orodha moja tu.

Mtangazaji mwerevu angefanya nini? Angeangalia mchezaji mwenyewe: huyu mrefu, anatumia mguu wa kushoto, si yule. ExifTool inafanya hivyo. Ikikuta namba 10, inatazama urefu wa fokasi na tundu kubwa kabisa la lenzi, inazichuja lenzi zisizoweza kuwa hivyo, na inabaki na moja. Zikibaki mbili, inazitaja zote mbili na neno "au" katikati yake. Naipenda tabia hiyo. Programu nyingi za kulipia hazina adabu ya kusema "au".

Nikon walipita njia nyingine. Lenzi yao haitambuliwi kwa namba moja bali kwa mkusanyiko wa namba 8, zikiwemo za urefu wa fokasi mdogo na mkubwa na za tundu katika kila ncha. Kugongana ni kwa nadra zaidi, ingawa kupo. Ila kwenye kamera zao za baadaye sehemu hiyo imefungwa kwa siri, na katika vitu vinavyotumika kama ufunguo ni namba ya kamera yenyewe na idadi ya picha ilizokwisha kupiga. Mtu akikuambia kutambua lenzi ni jambo dogo, mwambie hilo.

Na usidhani tatizo hili ni la lenzi za zamani tu. Mfumo mpya wa lenzi wa Canon, RF, ulipokuja mwaka 2018, lenzi nyingi za RF zilianza kuandikwa kwa namba moja, 61182, kwenye nafasi ile ya zamani. Jina halisi liko sehemu nyingine ya karatasi. Programu isiyojua kwamba kuna sehemu nyingine itababaika.

Abdalla na Abdallah

Tuseme namba imesomeka vizuri na jina limepatikana. Bado kuna mlango mmoja. Anayesoma karatasi na anayetunza daftari la vipimo mara nyingi si mtu mmoja. Kwa darktable, jina linatoka Exiv2, halafu linatafutwa kwenye Lensfun, hazina huria ya profaili iliyoanza mwaka 2007. Upande mmoja umeandika "EF-S18-55mm f/3.5-5.6 IS II", upande wa pili umeandika "Canon EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 IS II".

Kwa macho yetu ni kitu kile kile. Kompyuta ni kama karani wa dirishani. Waulize akina Abdalla walioandikwa Abdallah kwenye cheti cha shule, watakueleza safari zao. Programu inajaribu kulainisha mambo: inapuuza nafasi, inalinganisha namba, inatoa alama, na jina lenye alama nyingi ndilo linalochukuliwa. Hapo ndipo toleo la kwanza la lenzi linaweza kupewa vipimo vya toleo la pili kwa sababu tu ya "II" iliyopotea njiani.

Profaili za Lensfun, kwa taarifa yako, hupimwa na watu wa kujitolea. Unatafuta jengo lenye mistari mirefu iliyonyooka, unalipiga, unaonyesha kwenye picha mstari huu ulipaswa kunyooka, na hesabu zinatoa namba chache zinazoeleza lenzi inavyopinda. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, wana hazina yao wenyewe tangu mwaka 2010. Lenzi yako ikikosekana kote kuwili si kwamba ni mbovu. Hakuna aliyewahi kuipeleka kwa fundi ikapimwa.

Bahari iliyoning'inia kama kamba ya nguo

Je, jina likikosewa kuna hasara gani? Nenda Raskazone jioni, panga familia ya harusi mgongo kwa bahari, piga kwa 18. Mstari wa upeo wa bahari ukikaa juu ya vichwa, karibu na ukingo wa juu wa picha, utauona umevimba katikati kama mgongo wa jahazi lililopinduliwa. Lenzi pana ndivyo zilivyo. Ukipitisha upeo katikati kabisa ya picha utanyooka, na ndiyo sababu wengine wanadhani lenzi zao hazipindi.

Profaili sahihi inaunyoosha. Profaili ya lenzi nyingine, inayopinda zaidi ya yako, inaunyoosha na kupitiliza: sasa bahari imezama katikati kama kamba ya kuanikia iliyobeba mablanketi. Walio pembeni, ambao kwa kawaida ni mashangazi, wanavutwa kuelekea nje. Hakuna shangazi atakayekulipa kwa picha hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: lenzi inayovutika haina kasoro moja. Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera huvimbisha mistari ikiwa kwenye 18, lakini ukiivuta uvimbe unapungua, na unaweza hata kugeuka kidogo upande wa pili. Kwa hiyo profaili yake ni kurasa kadhaa, moja kwa kila urefu uliopimwa, na programu inakadiria kati ya ukurasa na ukurasa. Giza la pembeni nalo hubadilika kwa tundu. Ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Urefu wa fokasi nao lazima uwe umeandikwa.

Hapo wapenzi wa lenzi za zamani wanakwama. Helios 44-2, ile ya Kirusi ya milimita 58 inayopendwa kwa picha za sura, ikivalishwa adapta ya chuma tupu haina vidoti vya kuongea. Kamera ya Canon itakuonyesha 00 mahali pa tundu, Nikon itaandika F na vistari viwili. Hakuna cha kutambua kwa sababu hakuna aliyejibu. Chagua profaili kwa mkono kama ipo, au iache picha ilivyo. Helios ukiinyoosha sana unaiua.

Nirudi kwenye neno feki, maana ndilo lililoleta maneno yote haya. Jina baya kwenye programu si ushahidi wa lenzi bandia, na jina zuri si ushahidi wa lenzi halisi. Aliyeweza kuiga gamba anaweza kuiga na namba. Ukitaka kuhakikisha mtumba, baadhi ya lenzi huandika namba yake ya kiwandani ndani ya faili. Linganisha na iliyochongwa kwenye gamba. Zisipofanana, hapo sasa una sababu ya kumpigia muuzaji.

Wengine wanaamini kwamba programu ikiandika "profaili haikupatikana" basi picha haijarekebishwa hata kidogo. Kwa kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hilo si kweli: tangu Panasonic na Olympus walipoleta mfumo wao wa kamera hizo, Micro Four Thirds, mwaka 2008, kampuni kadhaa zimekuwa zikiweka vipimo ndani ya faili ghafi (RAW) lenyewe, na programu inavitumia kimya kimya bila kutafuta jina lolote. Hatari iko upande mwingine. Ukipiga JPEG, picha inayokamilishwa na kamera yenyewe, huku kamera imeshajirekebishia ndani, kisha ukawasha profaili kwenye kompyuta, umenyoosha mara mbili. Ukiona nguzo za nyumba zimebonyea kuelekea ndani, anzia hapo kutafuta.

Kwa kijana wa Makorora nilianza na kusasisha programu, na jina likabaki vile vile. Basi tukaichagua lenzi kwa mkono kwenye sehemu ya marekebisho, tukaiagiza programu iikumbuke kila itakapokutana na namba hiyo kwenye kamera hiyo. Dakika tatu. Kisha nikampitishia faili lile lile kwenye ExifTool, ikaitaja lenzi yake sawasawa. Akacheka peke yake kama aliyelipwa deni.

Akachukua simu pale pale, akaituma picha ile ya hina kwenye kundi ili wenye midomo wajionee wenyewe. Haikupita dakika tano, wa kwanza akajibu: nimeikagua, haina jina la lenzi kabisa, haina hata jina la kamera, sasa huoni kwamba ni feki?

WhatsApp ikituma picha kama picha huichana ile karatasi na kuitupa. Nikamwambia, mdogo wangu, itume kama dokumenti.